Mkusanyiko wa Midoli ya Supahiro wa Maisha Nzima na Wiki Ambazo Mwenyewe Alikuwa Hospitali: Uchambuzi wa Kisa

Kabla sijaanza

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wahusika wawili, baba na binti yake. Majina nimeyatoa, mahali sipataji, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya mtu anayewafahamu awatambue nimeyabadilisha kidogo, ila mfuatano wa matukio na maamuzi yao ni kama yalivyokuwa. Baba nitamwita Mzee, binti yake nitamwita Binti. Mimi niliingia katikati, Binti aliponiomba niwasaidie kuorodhesha kwa sababu anajua na mimi ni mkusanyaji.

Nimeona kinafaa kuandikwa kwa sababu visa vya namna hii vinaongezeka. Watoto waliochezea midoli ya supahiro ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 sasa hivi wana miaka kama sitini, wapo wanaostaafu, wapo wanaougua, na nyumba zao zimejaa vitu ambavyo ni mtu mmoja tu ndani ya familia anayejua hiki ni nini na kile ni nini. Huyo mtu akiondoka nyumbani hata kwa muda mfupi tu, mkusanyiko unabaki bila mwenyewe.

Mzee na mkusanyiko wake

Mzee alianza akiwa mtoto, na Batman wa Mego. Kwa wasiojua, Mego ni kampuni ya Marekani iliyoanza kutoa midoli ya supahiro ya urefu wa inchi 8 mwaka 1972, midoli yenye nguo za kitambaa kabisa za kuvalishwa na kuvuliwa, na kitu kinachowafanya wakusanyaji waipende hadi leo ni kwamba mashujaa wa DC na wa Marvel, kampuni mbili za komiki zinazoshindana, walikuwa kwenye toleo moja, Superman na Spider-Man wanapangwa rafu moja dukani, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa gumu sana kwa sababu haki za kutengeneza ziligawanywa kwa kampuni tofauti. Batman wa mwanzo mwanzo alikuwa na kofia ya kinyago inayovuliwa kichwani, baadaye wakaanza kuchora kinyago moja kwa moja usoni. Wa Mzee ni yule wa kuvua. Na kinyago anacho.

Mego ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mzee alishakuwa kijana, wenzake wametupa au wamegawa vya kwao, yeye vyake akaviweka kwenye boksi la viatu. Hilo boksi lilikaa naye nyumba zote alizohamia.

Alivyoanza kupata kipato ndipo akaanza kukusanya kwelikweli. Mwaka 1984 zilitoka toleo mbili kwa mpigo, Kenner wakatoa Super Powers, wa DC, wale ambao ukibana miguu mikono inarusha ngumi na ukibana mikono miguu inatembea, na Mattel wakatoa Secret Wars, wa Marvel, kila mmoja na ngao yake yenye picha inayobadilika ukiiinamisha huku na huku. Mzee alinunua na akafungua, alikuwa hajali boksi. 1989 ikaja filamu ya Batman, kampuni ya Toy Biz wakatoa midoli yake, na hapo tabia yake ikabadilika: akaanza kununua viwili viwili, kimoja cha kufungua kimoja cha kuweka, alafu ikawa vitatu vitatu.

Ile miaka ya 1990 ndiyo iliyojaza nyumba. Watu walikuwa wanaamini chochote kikiwekwa bila kufunguliwa kitakuja kuwa hazina. Komiki ya X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, na mwaka 1992 Superman alipouawa kwenye komiki yake watu walipanga foleni kununua nakala kadhaa kadhaa zikiwa ndani ya mfuko mweusi bila kuufungua. Mzee alikuwa na katoni za hizo komiki. Mwishoni mwa 1996 Marvel wenyewe waliomba kinga ya kufilisika, soko la kubahatisha likawa limeshaporomoka, lakini katoni za Mzee zilibaki pale pale.

Kuanzia 2002 akaingia kwenye Marvel Legends, toleo jipya la midoli ya mashujaa wa Marvel. Na huku anarudi nyuma vilevile, kutafuta vilivyotoka kabla yake: Captain Action wa kampuni ya Ideal wa mwaka 1966, yule mdoli wa inchi 12 unayembadilishia mavazi akawa Superman au Batman, kadi za Batman za Topps za mwaka huohuo, mabango, vikombe, masanduku ya bati, na picha moja yenye sahihi ya mwigizaji. Kwa jumla ni zaidi ya vitu elfu mbili, ukihesabu komiki pembeni.

Mpangilio wake wote ulikuwa kichwani. Na niseme wazi, haukuwa fujo. Ukimuuliza mkanda wa Robin uko wapi anakwambia droo ya tatu, kopo la filamu ya kamera, chini ya pamba, na unaukuta. Lakini haukuandikwa popote, hata mstari mmoja.

Kilichotokea

Mzee alianguka akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akalazwa, na daktari akasema akirudi asipande ngazi kwa miezi kadhaa. Chumba pekee cha chini kilichofaa kuwekwa kitanda kilikuwa chumba cha midoli.

Ndugu wakaja kusaidia, na wakakimaliza chumba chote jioni moja. Walifanya kwa upendo, hilo sina shaka nalo na hata Mzee mwenyewe hana. Ila ndani ya jioni hiyo yalifanyika mambo matatu ambayo kila mkusanyaji akisikia anashika kichwa. Vitu vidogo vyote, yaani mikanda, bunduki, ngao, majoho, viatu, vinyago, vilimwagwa kutoka kwenye makopo na droo vikaingia kwenye mfuko mmoja mkubwa. Makaratasi, maana yake kadi za nyuma za vifungashio, trei za ndani za plastiki, karatasi za maelekezo, na vile vikomiki vidogo vilivyokuwa vinakuja ndani ya kifurushi cha Super Powers, yalihesabiwa kuwa uchafu na mengi yakatupwa. Na maboksi yakapandishwa kwenye stoo ya juu, chini ya paa, sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya nyumba.

Siku chache baadaye mpwa mmoja akamleta mfanyabiashara wa vitu vya zamani. Akazunguka, akasema atatoa bei moja kwa zile za zamani na zilizobaki atasaidia kuziondoa bure. Binti aliniambia alikaribia sana kukubali, alikuwa anahangaika na hospitali, na mambo ya kitanda, na kazi yake. Kilichomzuia ni kitu kidogo: yule bwana alifungua boksi la viatu, akalifunga haraka, alafu akasema hilo akiondoka nalo leoleo lingekuwa vizuri, mengine hata mwezi ujao. Binti hajui midoli ila anajua watu. Akamwambia asante, tutakupigia.

Uamuzi wa kusimamisha kila kitu, na wa kumwambia Mzee

Usiku ule Binti alituma ujumbe kwa ndugu wote: kuanzia sasa hakuna kutupa, hakuna kugawa, hakuna kuuza, hata kikaratasi. Sababu yake ilikuwa rahisi, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua anachokishika. Kwangu mimi huu ndio uamuzi uliookoa mkusanyiko, kuliko kazi yote tuliyofanya baadaye.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa kumwambia Mzee. Wengi walitaka afichwe mpaka apone, kwamba presha itapanda. Binti akaona tofauti, akasema baba atarudi kwenye chumba hichohicho, atakiona kitupu, na itakuwa mara mbili. Alienda hospitali akamweleza yote bila kupunguza. Mzee alimkasirikia na siku ile hawakuongea zaidi. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyeanza: “Mwanangu, huo mfuko uko wapi? Msiumwage. Msiupange. Nileteeni mimi.”

Kuorodhesha pembeni ya kitanda

Mzee aliporudi nyumbani tukaanza. Mara ya kwanza tulianza vibaya, kwa sababu tulitaka kufuata mtindo wa vitabu vya bei, kampuni kwa kampuni, kwa herufi. Mzee alikuwa anachoka baada ya muda mfupi, anajibu “sikumbuki”, na Binti anaanza kuamini kumbukumbu imeondoka. Kumbe shida ilikuwa mpangilio wetu. Binti akajaribu kumuuliza kwa maisha yake: mwaka ule ulipoanza kazi ulikuwa na nini? Ulipooa? Nilipozaliwa mimi? Hapo ikawa kama bomba limefunguliwa. Akikumbuka mwaka anakumbuka duka, akikumbuka duka anakumbuka nani alimuuzia, na anakumbuka kwamba huyu Hawkman alinunuliwa bila rungu na rungu likapatikana miaka kumi baadaye kwa mtu mwingine.

Tukawa tunarekodi sauti kwa simu huku tunapiga picha. Kila kitu kilipata namba, na namba iliandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba au kwenye mfuko, kamwe sio kwenye kitu chenyewe, maana wino unaingia kwenye plastiki laini na hautoki. Kwenye jedwali la kompyuta tukaweka namba, jina, kampuni, mwaka wa kutoka, mwaka alionunua, vifaa vilivyopo, vinavyokosekana, sehemu zilizotengenezwa au kubadilishwa, hali ya plastiki, na hadithi yake kwa kifupi.

Hapo kwenye mwaka niseme jambo linalowapoteza wengi. Ule mwaka uliogandishwa mgongoni au kwenye nyayo za mdoli ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, sio mwaka mdoli huo ulipotoka kiwandani. Umbo moja linaweza kutumika miaka mingi na mwaka ukabaki uleule. Ndiyo maana kwa Mego tuliangalia na mwili wenyewe, wa mwanzo una pini za chuma kwenye magoti na viwiko, wa baadaye una pini za plastiki.

Ule mfuko tulimwaga kidogo kidogo kwenye trei nyeupe mapajani mwake. Ni kitu cha kushangaza kumwona mtu ambaye hawezi kutembea hatua kumi akichambua mikanda ya midoli kwa kuipapasa tu. Viatu vya Mego alivitenganisha vya mwanzo na vya kutengenezwa upya kwa ugumu wa plastiki na kwa mshono unaoachwa na kalibu ya kiwandani. Majoho ya Super Powers yalitusumbua zaidi. Mzee miaka ya 2000 alinunua majoho ya kuiga ili kujazia yaliyopotea, hakuna ubaya, wakusanyaji wengi wanafanya hivyo, lakini alikuwa anayaweka kopo tofauti na sasa yalikuwa yamechanganyika. Mengi aliyatambua kwa kitambaa na kwa namna lilivyoshikiwa shingoni. Mawili hakuweza. Nilimwona anataka kusema ni ya asili, alafu akasema andika haijulikani. Tukaandika haijulikani.

Plastiki zilizoanza kuharibika

Tuliposhusha maboksi kutoka stoo ya juu tulikuta shida nyingine, na hii haikuwa ya ile jioni moja. Joto liliizidisha tu, ila ilikuwa imeanza miaka mingi nyuma, ndani ya maboksi ambayo Mzee hakuyafungua kwa sababu aliogopa kuyaharibu.

Plastiki laini ya PVC inawekewa kilainishi ili ipindike. Kilainishi hicho hakijajifunga na plastiki, taratibu kinatoka juu, mdoli anakuwa anata, vumbi linaganda, na anatoa ile harufu nzito ambayo mtu akifungua boksi inampiga. Kibaya zaidi, PVC laini ikigusana muda mrefu na plastiki ngumu ya polistayrini, kilainishi kinahamia na kuiyeyusha. Kulikuwa na gari moja la kuchezea lililowekwa na midoli juu ya kioo chake, alama za migongo yao zimebaki kwenye kioo kama zimechomwa. Hiyo haitibiki.

Wanaonata tuliwaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo kwa brashi ya nywele laini, tukawakausha kwa hewa bila jua. Pombe hatukugusa, inaondoa rangi. Na tulimwambia Mzee ukweli kwamba utando utarudi, kuosha kunapunguza tu. Baada ya hapo kila mmoja akawa peke yake, hagusi mwenzake, kwenye chumba chenye ubaridi wa kawaida usiopanda na kushuka, unyevu kati ya asilimia 40 na 50, mbali na dirisha. Komiki tulizitoa kwenye mifuko ya zamani ya PVC tukaziweka kwenye ya polipropilini, na zile chache za thamani kwenye ya poliesta, na ubao usio na asidi nyuma yake. Karatasi ya komiki za zamani ni ya aina ya gazeti, ina asidi ndani yake mwenyewe, inajipaka manjano na kuwa dhaifu hata ukiitunza, kwahiyo usiongeze asidi ya ubao wa kawaida.

Ndani ya Mego wengi lastiki inayoshikilia mikono na miguu ilikuwa imelegea au imekatika. Hizi tulibadilisha, na tukaandika kwamba zimebadilishwa. Batman wa boksi la viatu Mzee alikataa aguswe. Miguu inaning'inia hadi leo.

Kuna kosa moja hapa. Mpwa aliyekuwa anatamani kusaidia alisoma mtandaoni kuhusu kung'arisha plastiki iliyogeuka manjano kwa dawa ya peroksaidi na mwanga, mbinu iliyopata umaarufu mwaka 2008 hivi kwa watu wa kompyuta za zamani. Akaijaribu kwenye gari jeupe la kuchezea la Mzee bila kuuliza. Ilikuwa nyeupe kweli, ila na mabaka, na baada ya miezi manjano yakaanza kurudi. Mbinu ile inaondoa rangi, haizuii kilichosababisha rangi.

Nini kibaki, nini kiende

Nyumba haikuweza tena kubeba vyote, na Mzee alilikubali hilo polepole sana. Mazungumzo yao mengi nilikuwepo. Moja nalikumbuka vizuri, Binti ameshika masanduku matatu ya midoli yanayofanana ya mwaka 1991.

“Baba, hawa unao watatu.”

“Wawili ni akiba.”

“Akiba ya nini, baba?”

Akafikiri kwa muda, alafu akanyoosha mkono akachukua wawili akawaweka upande wa kuondoka. Binti hakuongeza neno, na nadhani hiyo ndiyo sababu kesho yake Mzee aliendelea mwenyewe.

Habari ngumu ilikuwa ya hivyo vya miaka ya 1990. Mzee alikuwa ameviona kama urithi wa watoto. Lakini kitu kinapanda bei kwa sababu wengi walikitupa, na vya miaka ile hakuna aliyetupa, kila mtu aliweka bila kufungua kama yeye. Action Comics namba 1 ya 1938 ni adimu kwa sababu watoto waliisoma ikachakaa na karatasi ikatupwa. X-Men namba 1 ya 1991 bado imejaa maboksini. Binti alimwonesha matokeo ya minada iliyokwisha, sio bei wanazotaka wauzaji, ni bei zilizolipwa kweli, kisha akamwacha asome mwenyewe. Lilimuuma, hakuficha.

Alichochagua kubaki nacho hakikufuata bei. Captain Action, ambaye ndiye angeleta pesa nzuri, alisema aende, kwa sababu hakuwahi kumchezea. Alibaki na Mego wote, Super Powers waliofunguliwa, Secret Wars wachache wenye ngao zao, na Spider-Man mmoja wa Toy Biz aliyevunjika mguu ambaye Binti alikuwa anamchezea akiwa mdogo. Huyo Binti hakujua kama bado yupo.

Waliofungwa na ambao hawakuwa na soko walienda kwa watoto wa ukoo, na tukaweka sharti: wapewe wakubwa tu. Midoli ya zamani ilitengenezwa kabla ya viwango vya sasa vya vilainishi na rangi, na vipande vyake ni vidogo, sio vitu vya kumpa mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Kuhusu kuvipeleka kupewa daraja na zile kampuni zinazopima hali ya kitu na kukifunga kwenye kasha gumu, tulipeleka Super Powers wachache waliokuwa hawajafunguliwa na kadi zao zimenyooka. Komiki za miaka ya 1990 hapana, gharama ya kupima ingezidi kitu chenyewe.

Matokeo

Karibu robo imebaki, kwenye kabati moja la kioo chenye kichujio cha mwanga wa jua, ndani ya chumba kilekile cha chini. Captain Action alinunuliwa na mkusanyaji mmoja aliyeambiwa kila sehemu iliyobadilishwa, na baadaye akarudi kununua vingine viwili kwa sababu aliona orodha haimdanganyi. Orodha ipo sehemu mbili, na Mzee ameandika na kusaini nani apewe nini. Picha ya sahihi haikuuzwa, haina cheti, ina maelezo yake tu kwamba alisimama kwenye foleni mwenyewe, nasi tumeandika hivyohivyo: kwa maelezo ya mwenye mali.

Hasara nazo zipo. Kadi na vikomiki vilivyotupwa havikurudi. Na Binti, akiwa na haraka ya kupunguza, aliuza boksi moja la Marvel Legends kwa jumla kabla orodha haijafika hapo. Ndani yake ulikuwemo mkono wa Galactus, yule mkubwa wa mwaka 2005 ambaye kila boksi la toleo lile lilikuwa na kipande chake kimoja, unakusanya vyote ndio umuunganishe. Mzee sasa ana Galactus asiye na mkono, na mnunuzi alikataa kuurudisha, ni haki yake.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kusimamisha kila kitu kulifanya kazi kwa sababu kulitangazwa kwa watu wote kwa mara moja. Familia nyingi zinaambiana mmoja mmoja, na yule ambaye hajaambiwa ndiye anayekuja na gari la kubeba.

Kumwambia mgonjwa ukweli kulikuwa hatari, sitasema kwa kila familia ni sawa. Kwa Mzee kulifanya kazi kwa sababu aliambiwa na kazi ya kufanya, alikuwa na mfuko wa kuchambua, hakuachwa na habari mbaya peke yake kitandani. Mtaalamu wake wa mazoezi hata alifurahi anakaa wima muda mrefu.

Kufuata mpangilio wa maisha yake badala ya wa vitabu ndio ugunduzi ninaoupenda zaidi kwenye kisa hiki, na ni wa Binti, mimi nilikuwa upande wa vitabu. Vitabu vinakwambia kifaa gani kilikuja na mdoli gani. Haviwezi kukwambia kwamba mkanda huu ulitoka kwa mdoli mwingine mwaka 1998, na soko linataka kujua hilo zaidi ya yote. Thamani kubwa ya mkusanyiko huu ilikuwa kwenye maarifa ya Mzee, na yangepotea yote angeanguka vibaya zaidi kidogo.

Kilichoshindwa zaidi ni imani kwamba kilichofungwa kiko salama. Walioharibika vibaya walikuwa wale walioogopewa, waliofungwa na kusukumwa nyuma bila kufunguliwa miaka na miaka. Wale wa kwenye rafu, walioshikwa na kupanguswa, walipoanza kunata Mzee aliona mapema akawatenga. Kukagua mara moja au mbili kwa mwaka kungeokoa lile gari.

Tulikosea pia kwenye kiwango cha kazi. Tuliandika maelezo yaleyale marefu kwa kila kitu, hata kwa nakala ya tatu ya mdoli wa 1995, na tukachelewa kufika kwenye Marvel Legends, ndipo Binti akauza bila orodha. Ingetosha kupiga picha za vyote kwanza, haraka, droo kwa droo kabla ya kuandika chochote, alafu maelezo marefu yaanze na vile vyenye vifaa vingi vya kuchanganyika. Kama Mzee angekuwa na picha za droo zake kwenye simu, hata bila neno moja, ule mfuko tungeuchambua kwa siku chache.

Ndugu waliosafisha chumba siwalaumu kwenye uchambuzi huu. Hakukuwa na kitu kinachowaambia kwamba trei tupu ya plastiki ina maana. Mzee sasa amebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, imeandikwa kwa herufi kubwa vitu visivyotupwa hata vikionekana uchafu, na namba ya simu ya Binti.

Kinachoendelea sasa ni rekodi za sauti. Ni nyingi, na ndani yake kuna mambo ambayo hayakuingia kwenye jedwali kwa sababu tulikuwa tunakimbilia hali na vifaa. Binti anazisikiliza jioni na kuzihamishia kwenye orodha, akikwama anamuuliza baba yake hapohapo. Mpaka naandika hivi amefika vitu vya mwaka 1989.